Kibanda Chenye Komeo kwa Nje

Charm, Ohio
2 Machi 1988

Kaka yangu Atlee,

Salamu katika jina la Bwana, kwako, kwa wifi Edna na kwa watoto wote. Sisi huku tu wazima. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara ni tope tupu; juzi gari la farasi la kaka yetu Roman lilikwama hapo mtoni hadi dereva wa lori la maziwa akaja kulivuta, na Roman hajaacha kulalamika kwamba farasi wake ameaibishwa. Mkewe Clara amejifungua mtoto wa kike. Wamempa jina la Mama, Malinda. Tulipompakatisha Mama alimwangalia sana yule mtoto, kisha akauliza, "Huyu wa nani, na mbona hawaji kumchukua?" Watu wote walicheka. Na mimi nilicheka.

Mama hajambo. Anakula vizuri.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Kibanda cha mizabibu alichojenga Baba nje ya jiko letu kimeanguka. Theluji ya Februari ilikilemea, na nguzo zilikuwa zimeoza chini. Mizabibu yenyewe i hai ila imelala chini kama kamba zilizomwagwa. Roman anasema ing'olewe tupande viazi. Nimemkatalia. Mama akikaa chini ya majani yale hutulia, na akitulia mimi naweza kufua, kupika na kulima kidogo.

Siku ya mazishi ya Baba ulisema utakuja masika yale. Masika yale yamepita, mengine haya yanakuja. Fundi ni wewe. Nakuomba uje utujengee kibanda cha mwaloni, cha ndimi na matundu kama mabanda ya ng'ombe unayojenga huko, kisituangukie tena. Na ukija utamwona Mama.

Kuna jingine dogo. Shule ya kule Indiana, kwa binamu Lizzie, inatafuta mwalimu wa kuanza Agosti, nao wameniandikia. Nimewajibu kwamba nitafikiri. Unajua nilivyokuwa napenda kufundisha.

Dada yako,
Saloma

*

Cashton, Wisconsin
29 Machi 1988

Dada Saloma,

Nakusalimu, na wifi yako anakusalimu. Huku baridi bado haijatuachia. Jumapili ibada ilikuwa kwetu, na Edna ameoka mikate ya kulisha jeshi la Farao. Mtoto wetu wa pili kaanguka kutoka darini, hakuvunjika kitu isipokuwa dari. Hongera kwa Roman na Clara.

Nimesikitika kusikia habari za kibanda. Baba alizichimbia nguzo ardhini. Nilimwambia tangu zamani kwamba mbao hazidumu ndani ya udongo, akanijibu nijenge changu.

Ningekuja mwezi huu, lakini banda la jirani yetu limeungua kwa radi na kanisa zima tunalijenga upya. Baada ya hapo ni kulima. Nadhani Juni. Lakini kwa nini ungoje? Ulikuwa ukinishikia mbao tangu una miaka sita. Nitakueleza hatua kwa hatua, na Roman atanyanyua vizito.

Nunua mwaloni mbichi kwa Vernon mpasua mbao. Mbichi, usiukaushe. Nguzo nne zisimame juu ya mawe, si ardhini. Juu weka boriti mbili za urefu na mbili za kukatiza. Kila kichwa cha nguzo ukichonge ulimi, na kila boriti uitoboe tundu la kuupokea. Chonga ulimi kwa msumeno, tundu kwa keekee na patasi, na usiwe na haraka. Kona zote zitie mkono wa mshazari kutoka nguzoni hadi kwenye boriti, la sivyo kitayumba kama mlevi. Mchoro nimeuweka nyuma ya karatasi hii.

Mwambie Mama mwanawe anamsalimu.

Atlee

*

Charm
17 Aprili 1988

Kaka Atlee,

Salamu kwenu. Huku maua ya mitofaa yamefunguka mapema na kila mtu anaogopa jalidi. Askofu alikuwa anaumwa jino, akahubiri kwa ufupi, na hakuna aliyemwombea apone upesi.

Mbao zimefika. Roman alipoona mchoro wako alisema, "Fundi wako anafanya kazi kwa posta, eh? Ngoja basi, nguzo ya kwanza itakuja ndani ya bahasha." Hata hivyo amenipa kona ya ghala. Ulimi wa kwanza niliukata mfupi, wa pili mnene. Wa tatu uliingia tunduni ukaingia kweli, nikautoa na kuuingiza tena na tena kwa ule ulaini wake tu. Nilikuwa nimesahau kwamba mikono yangu inaweza kufanya kitu ambacho kesho yake hakijafumuka.

Nina maswali mawili. Nataka pande zote nne zizibwe kwa fito, za kukatana, kutoka chini hadi usawa wa kichwa. Nizipigilie misumari au nizichongee njia kwenye nguzo? La pili, nataka mlango. Uwe wa bawaba, na komeo lake liwe kwa nje.

Ni kwa sababu ya kuku. Wanachimba mizizi.

Hukusema neno kuhusu shule. Labda barua ilikuwa imejaa.

Mama hajambo.

Saloma

*

Cashton
30 Mei 1988

Dada Saloma,

Nisamehe kuchelewa. Banda la jirani limekwisha, lakini mgongo wa Edna umeanza tena, na nyasi za kukata zinatuangalia. Juni haitawezekana. Labda baada ya mavuno.

Fito zichongee njia. Msumari kwenye mwaloni mbichi huota kutu na kuacha weusi, kisha hutoka. Ukichonga njia, fito hazitatoka mpaka nguzo itoke, na nguzo haitatoka.

Sasa vigingi, na hapa sikiliza vizuri. Mbao ziwe mbichi lakini vigingi viwe vikavu kabisa. Vianike juu ya jiko. Tundu la kigingi kwenye ulimi usilitoboe mkabala na lile la boriti. Lipishe kidogo kuelekea begani, pale ulimi unapoanzia. Ukikipigilia, kigingi kitapinda na kuuvuta ulimi ndani. Mwaloni ukikauka utakibana, na hapo hata wewe mwenyewe uliyekipiga hutakitoa. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi yetu.

Nimefikiri habari ya komeo. Kuku wa Ohio wamekuwa hodari sana hata wanafungua makomeo ya ndani? Wa huku hata ukiwafungulia mlango hawauoni.

Nakutania. Msalimie Mama.

Atlee

*

Charm
12 Juni 1988

Kaka Atlee,

Salamu. Tumepata mvua nzuri. Stroberi ni nyingi mpaka watoto wa Roman wamezikinai.

Kibanda kimesimama. Wanaume walikuja Jumamosi baada ya kukamua, wakakinyanyua kabla ya chakula. Vernon mwenyewe alipiga bega lake kwenye nguzo akasema, "Nani kakichonga hiki?" Roman akajibu, "Kaka yangu. Kwa stempu." Wakacheka sana. Mke wa Vernon akaniuliza kama ni kibanda cha harusi, na kama ni hivyo bwana harusi nimemficha wapi. Nikamwambia bado yuko msituni, hajakatwa. Wakacheka tena. Siku ile nilikuwa mtu mwenye furaha, sitadanganya.

Mizabibu nimeipandisha juu na kuifunga.

Umeuliza kuhusu kuku, ukasema unatania. Nitakujibu bila utani.

Mwezi wa Aprili nilikwenda kisimani, niliporudi Mama hayupo jikoni. Alikuwa katikati ya barabara kuu, pale kwenye kona ambapo magari hayaonekani, kajifunga kitambaa chake cha kanisani, anakwenda kwao. Dereva wa lori la maziwa alifunga breki hata makopo yakalia. Alishuka. Akaniambia, "Mama huyu ana wenyewe?" Nikasema anao.

Tangu hapo haniruhusu hata kwenda chooni. Nikifunga mlango wa nyumba anaugonga na kulia mpaka watoto wa Clara nao wanalia. Wakati nachonga mbao zako ghalani nilikuwa namfunga kiunoni kwa mkanda wa aproni, mwisho mwingine nimeufunga kwenye nguzo ya zizi. Anafikiri ni mchezo. Siku nyingine hafikiri hivyo.

Sasa umeshajua kuku ni nani. Chini ya mizabibu hagongi. Anashika majani na kuongea nayo, nami nafanya kazi huku namwona.

Shule ya Indiana wamesema watangoja hadi katikati ya Agosti. Sitaji mambo ya zamu za kumtunza Mama. Uliyasema wewe mazishini, mbele ya watu, mimi sikuyaomba.

Saloma

*

Cashton
5 Julai 1988

Dada mpendwa,

Barua yako nimeisoma. Imenihuzunisha.

Hali ya hewa huku ni ukame. Mahindi yamejikunja kama sigara. Tunaombea mvua.

Nilimsomea Edna. Anasema wewe una moyo wa kazi hiyo kuliko sisi sote, na kwamba Mungu aliona mbali alipokuacha bila nyumba yako. Naona kuna ukweli. Mama amekuzoea, kumhamisha mzee ni kama kuhamisha mti mkubwa. Nasi hapa tuna ngazi nyingi, na mgongo wa Edna ndio huo.

Kuhusu shule, mabinti wa kufundisha ni wengi. Hawatakosa mtu.

Usisahau kupaka vichwa vya nguzo mafuta ya kitani.

Atlee

*

Charm
30 Julai 1988

Atlee,

Leo sina habari za mvua.

Alhamisi Roman na Clara walikwenda mnadani Mount Hope na watoto wote. Nilibaki na Mama. Joto lilikuwa kali, nikambebea kiti chake kibandani, nikachukua na beseni la maharage mabichi nikate pale karibu naye, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa akiita mtu. Nikaingia ndani. Mlango niliuegesha kwa jiwe.

Upepo wa mvua ukaja ghafla. Jiwe likabiringika, mlango ukapiga, na komeo likaanguka mahali pake.

Lile komeo nililitengeneza lianguke lenyewe, kwa kuwa mikono yangu huwa imejaa. Nilipitisha vidole kati ya fito, havikufika. Wiki iliyotangulia Mama alikuwa amejifunza kupitisha mkono, ndipo nikaongeza fito na kuzisogeza karibu karibu. Nikasukuma mlango kwa bega. Nikaupiga teke. Nikachukua kiti cha Mama nikaupiga nacho, mguu wake ukavunjika, mguu wa kiti, si wa mlango. Umenifundisha vizuri, kaka. Hakuna kiungo kilicholegea. Juu nako nilijaribu, lakini zile fito za kubebea mizabibu nimezichongea njia kama ulivyosema, na sketi yangu ilinasa nikaanguka chini.

Kisha nikapiga kelele. Unajua nyumba ya jirani ilivyo mbali. Nilimwita Roman ambaye najua hayupo, nikamwita Baba, nikaita majina ambayo hata sikuyajua niliyatoa wapi. Mvua ikaanza, ikatupiga, ikapita.

Mama alikuwa amekaa chini juu ya nyasi, ananitazama kwa huruma. Akanikaribisha kwa mkono, nikakaa karibu naye. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama watoto wanaoogopa mwalimu:

"Na wewe wamekufungia?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Hata mimi," akasema. "Huwa wanasema ni kwa ajili ya magari. Hapa pana magari gani?"

Nikaanza kulia. Akanifuta uso kwa aproni yake, Atlee, jambo ambalo hajafanya tangu nikiwa mdogo, na wala hakujua ni uso wa nani. Akasema, "Usilie, msichana. Nina mwanangu fundi wa mbao. Anaweza kufungua chochote. Akija atatutoa sote wawili."

"Anakuja lini?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Yuko njiani," akasema. "Yeye ni mtu wa kuchelewa tu."

Tukakata maharage yote. Tulikaa mpaka saa ya kukamua, ng'ombe wanalia zizini na mimi siwezi kwenda. Roman aliporudi alitusikia, akaja anacheka tangu mbali: "Aha! Leo kuku wawili!" Alipofungua aliona uso wangu. Mpaka leo hajanitania tena, na Roman asiyetania ni mgonjwa.

Wahenga hawakukosea: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ulisema Mungu aliona mbali aliponiacha bila nyumba. Mimi nimekaa ndani ya nyumba aliyoniachia, nimeijaribu kwa bega na kwa teke.

Nakuandikia aliyoyasema Mama juu yako. Yangu mimi nimekwisha kuyasema.

Saloma

*

Cashton
18 Septemba 1988

Dada Saloma,

Natumaini barua hii itakukuta salama Indiana, na kwamba watoto wa shule wana adabu. Msalimie Lizzie.

Sikuijibu ile ya Julai kwa kalamu. Nilipoisoma nilikuwa juu ya boriti, nikashuka, nikamwambia Edna nakwenda. Akauliza, "Kwenda wapi, na mavuno haya?" Nikampa barua. Alisoma akiwa amesimama, akasema, "Basi nenda. Lakini ujue na mimi nitasema neno langu." Amelisema.

Nilikusudia kuzungumza nawe kibandani siku ile nilipofika, lakini nilipoipitisha mikono kwenye viungo vyako nilijiona niking'ang'ania kuangalia mbao ili nisikuangalie wewe. Kazi ni nzuri. Sikuwahi kukwambia, nakwambia sasa. Ule mlango niliung'oa kwa sababu sikuweza kuuona mara ya pili.

Safari ya kumleta Mama huku ilikuwa ndefu. Mama alishikilia nguzo ya kibanda wakati wa kuondoka, uliona, ikabidi nimfungue vidole kimoja kimoja. Ndani ya gari la kukodi alinishika mkono akaniuliza, "Baba, unamjua Atlee Raber?" Nikamwambia namjua kidogo. Akasema, "Ukimwona mwambie mama yake wamemchukua."

Dereva alizima redio.

Sasa tupo. Ngazi nimeziwekea kizuizi. Wifi yako anakusalimu.

Atlee

*

Cashton
6 Novemba 1988

Saloma,

Naandika upesi kabla Mama hajaamka.

Hatujambo. Edna amelala, mgongo. Binti yetu mkubwa tumemwachisha kazi ya nyumba za watu ili amwangalie Mama, naye haongei na mtu. Wiki iliyopita Mama alikuwa na viatu vyangu mkononi, anafuata reli. Kazi za ujenzi nimezikataa mbili. Nikiwa juu ya nguzo masikio yako chini.

Mara ngapi kwa siku alikuwa anakuuliza nyumbani kwao ni wapi? Ulikuwa unamjibu nini? Mimi nimejaribu ukweli, nimejaribu uongo, vyote vinamliza.

Nimechora kibanda. Cha upande wa jua, cha kufungwa vioo kwa baridi. Nimekitia mlango kwenye mchoro, nikaufuta, nikautia tena.

Tumezungumza, mimi na Edna. Tunaomba uje. Kwa majira ya baridi tu, mpaka barafu iyeyuke. Shule nadhani wataelewa, kuna mabinti wengi. Roman naye anaona hivyo. Mama alikuzoea wewe, Saloma. Hakuna anayeweza kama wewe, na hilo nalisema kwa kukuheshimu.

Nijibu mapema. Nangoja posta kila siku.

Atlee

*

Indiana
24 Novemba 1988

Kaka Atlee,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Nampa pole wifi kwa mgongo; aujaribu mto wa ngano iliyopashwa moto. Huku theluji ya kwanza imeanguka na darasa zima limehamia dirishani. Nina watoto ishirini na saba. Mmoja hawezi kutamka jina langu, ananiita Sukari kwa Kijerumani chake cha ajabu, na nimemwacha aendelee.

Barua yako ilifika siku kumi na mbili zilizopita. Kila jioni nimekaa kuijibu, na kila jioni niliandika "nakuja". Nilikuwa nikiiona kalamu inaliandika neno lenyewe, kama farasi anayejua njia ya zizini. Asubuhi naichana karatasi.

Jibu langu ni hapana.

Nimeliandika kwanza kwenye ubao, darasa likiwa tupu, nione linavyokaa. Nikalifuta, kisha nikaja kukuandikia.

Najua unavyoishi. Hakuna mtu duniani anayejua kuliko mimi, na kwa hiyo sikuoni kuwa mbaya. Nikija kwa majira ya baridi tu, barafu itayeyuka, mtanunua mbegu, mgongo wa Edna utaumwa, na hakuna atakayenifungia, nitabaki tu. Ninajijua.

Akiuliza kwao ni wapi, usimjibu kwa kweli wala kwa uongo. Muulize kulikuwa na nini pale. Atakusimulia mpaka asahau kuondoka. Mruhusu binti yako arudi kazini siku mbili kwa juma, na umwite Roman aje kwenu kwa majuma machache. Zamu yake hakuna aliyeitaja. Nimemwandikia leo hii, kwa wino uleule. Mlango ukiutia, kaa ndani yake kwanza wewe, mtu mwingine akufungie, mpaka saa ya kukamua.

Shule hufungwa kwa Krismasi. Nitakuja kwenu kumuuguza Mama ili wewe na Edna mlale na mtoke mtembee. Basi linafika kwenu tarehe ishirini na tatu. La kurudi linaondoka tarehe pili Januari, asubuhi. Tiketi zote mbili nimezikata pamoja, na Lizzie ndiye ananitunzia ya kurudi. Ameahidi kunifuata asiponiona.

Mbusu Mama.

Mimi, mwalimu Saloma Raber